Karatasi Iliyoshonewa Ndani ya Kochi

Teksi ilinishusha kwenye kona, dereva akaunyooshea kidole mlango wa kijani uliobanwa kati ya duka la dawa na duka la miwani. "Ni pale," alisema, "ila sijui kama watakupokea." Kabla sijamuuliza kwa nini, alikwisha geuza gari. Nilikuwa na siku kumi na moja safarini. Pasi yangu ilikuwa imebaki ubalozini ikingoja muhuri, na karani aliyeipokea aliniambia nirudi baada ya siku kumi za kazi, kwa sauti ya mtu anayesema rudi baada ya chai. Mji ule sikuujua. Nilichotaka ni kitanda, meza na dirisha linalofunguka.

Mama mwenye nyumba alifungua, akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu nimemficha.

"Mkeo yuko wapi?"

"Nimekuja peke yangu, mama."

"Atakufuata kesho?"

"Sina mke."

Akashika kiuno. "Huna mke, na umekuja kulala hapa? Basi wewe una imani kuliko wote waliowahi kupita mlango huu."

Ndani mtu aliangua kicheko. Nikageuka, na ng'ambo ya barabara nikaona jengo jeupe la ghorofa mbili lenye bango la kliniki ya uzazi. Hapo ndipo nilipomwelewa dereva. Nyumba ile ilikuwa ya wageni wa kliniki, watu waliokuja wawili wawili kutoka mbali, wakakaa siku nne, tano, wakaondoka, na mwezi mwingine wakarudi.

Alinipokea hivyo hivyo, kwa kuwa chumba kimoja cha juu kilikuwa kitupu. Kila mtu alimwita Shangazi. Vyumba vya juu vilikuwa vitano na vya chini vinne, na vya chini havikupangishwa ovyo: vilikuwa vya wanawake waliotoka kliniki siku hiyo. Daktari alikuwa amemweleza mara nyingi kwamba kupanda ngazi hakumdhuru mtu. "Daktari amesoma," aliniambia akinitangulia kwenda juu, "lakini ngazi ni ngazi."

Alikuwa na sheria zake nyingine. Sebuleni palikuwa na msumari mtupu ukutani. Zamani ulining'iniza kalenda, akaiondoa kwa sababu wanawake walisimama mbele yake wakihesabu kwa vidole hadi chai ikapoa. Picha za watoto zilipigwa marufuku, hata kopo la maziwa lenye picha ya mtoto mnene lilivalishwa karatasi. Wala hakuna aliyemuuliza mwenzake ana watoto wangapi, swali ambalo katika nchi nyingi nilizopita huulizwa kabla ya jina. Hapa waliulizana kitu kimoja tu: "Safari ya ngapi?"

Alasiri ile nilishuka sebuleni na daftari ninaloandikia habari za safari zangu, nikajitupa kwenye kochi.

"Usikae katikati," sauti ilisema. "Springi mbili zimekufa hapo."

Nilikuwa nimechelewa. Nilizama hadi magoti yakakaribia kidevu. Aliyesema alikuwa mwanamume mfupi, mabega mapana, penseli nyuma ya sikio, amekaa ukingoni mwa kochi hilohilo kama mgeni asiyemwamini mwenyeji wake. Alinivuta mkono nikatoka shimoni. Kisha akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kochi hadi begani na kutikisa kichwa kama daktari.

"Mikanda imeoza. Sponji imekuwa unga."

"Msamehe," alisema mwanamke aliyekuwa dirishani akikunja kitenge. "Huyu hata akienda msibani huanza kwa kukagua viti vya wafiwa."

Walikuwa mke na mume. Mume alikuwa fundi wa makochi, na nyumbani kwao na hapa watu walimwita Fundi tu. Mkewe aliuza vitambaa. Walikutana juu ya meza ya dukani kwake: Fundi alikuja kununua mita mbili za kitambaa kizito, akarudi kesho yake kununua mita mbili nyingine, akarudi hivyo mara saba ndani ya wiki moja. "Nikamuuliza," mkewe alinisimulia, "makochi gani hayo unayoyashona mita mbili mbili? Ya sisimizi?" Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu wafunge ndoa. Bado alipolisema hilo Fundi alicheka akitazama chini.

Jioni mezani mwanamke yule alinigeukia.

"Haya, Mwandishi, wewe uliyezunguka dunia. Unadhani jambo hili linachukua muda gani?"

Nilisema labda mwezi, au miezi miwili. Meza nzima ilicheka, na kicheko kile hakikuwa cha dharau. Kilikuwa cha watu waliowahi kujibu hivyohivyo.

"Na sisi tulidhani ni kama kung'oa jino," alisema. Akaanza kukunja vidole. Miezi minne ya vipimo, vyake na vya mumewe. Hapo ndipo walipoambiwa, wote wawili wakiwa wamekaa mbele ya daktari, kwamba Fundi hana mbegu hata moja, na kwamba njia iliyokuwa wazi kwao ilikuwa mbegu za mwanamume mwingine, mtoaji wasiyemjua wala yeye kuwajua. Miezi miwili ya kukaa na mshauri, kwa sababu kliniki ile haikumpokea mtu yeyote kabla hajalala na wazo hilo na kuamka nalo. Kisha miezi saba ya kungoja mtoaji wa kundi lao la damu mwenye sura isiyo mbali na ya Fundi. Mbegu zake nazo zilikuwa zikikaa kwenye barafu nusu mwaka, mtoaji mwenyewe apimwe tena, ndipo ziguswe.

"Hapo ni mwaka na mwezi, na bado sijapanda hata kile kitanda. Mwezi wa kwanza yai likapevuka Jumapili, kliniki imefungwa. Hebu fikiria! Yai halijui Jumapili."

"Ni yai la kipagani," Fundi alisema, watu wakacheka.

Tangu hapo alikuwa amewekewa mbegu mara nne katika miezi kumi na mmoja. Miezi mingine ilirukwa: mmoja kwa uvimbe mdogo kwenye kifuko cha mayai, mwingine kwa sababu mbegu za mtoaji wao zilikuwa zimeisha akatafutwa mtoaji mwingine, mwingine kwa sababu alichoka tu. Hii ilikuwa ya tano. Nesi alikuwa amewaeleza bila kuwapamba: katika wanawake kumi wa umri wake, kwa mwezi mmoja, pengine atashika mmoja. Ikipita ya sita, watafute njia nyingine iliyo ndefu zaidi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa.

"Na mtoto atakuwa wenu, bila maneno," Shangazi alisema akimimina chai. "Wazee walikwisha maliza kesi hiyo. Kitanda hakizai haramu."

"Laiti tungejua mapema," mwanamke alisema. "Miaka tisa tulikuwa tunanitibu mimi."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayesema laiti tungebeba mwavuli. Fundi alikizungusha kikombe chake mezani, akakizungusha tena, na chai hakuinywa.

Lugha ninazozungumza ni sita, na zote zina neno tayari la mwanamke asiyezaa, neno linalosemwa kwa sauti, hata sokoni. La mwanamume lipo pia, lakini hunong'onwa.

Keshoye, Jumatano, yai lilipimwa likaonekana halijafika. Palikuwa na siku za kungoja, na Fundi hakuwa mtu wa kukaa bure. Alimwomba Shangazi ruhusa alitengeneze kochi. Mkewe alivuka kona mbili kwenda kuchagua kitambaa, akarudi na kitambaa cha rangi ya udongo na malalamiko juu ya muuzaji, ambaye alipima kitambaa akikivuta. "Anipunje mimi!" alisema. "Mimi niliyezaliwa juu ya meza ya vitambaa!"

Nilikaa na Fundi siku zile kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda, na kwa sababu napenda kumtazama mtu anayeijua kazi yake. Aliligeuza kochi miguu juu. Aling'oa misumari midogo mmoja mmoja na kuipanga midomoni. Alipoufungua mgongo, vikatoka vitu vilivyomezwa miaka yote: vibanio vya nywele, kalamu, kitana, kipimajoto cha mdomoni, na kadi tatu za miadi ya kliniki, moja ikiwa na tarehe ya miaka minane nyuma. Fundi aliipangusa kwa kidole.

"Huyu aliitafuta sana kadi hii," alisema. "Makochi hula kila kitu. Ndiyo maana watu hawayashuku."

Sikulipa neno lile uzito wowote.

Alhamisi saa mbili usiku mkewe alichomwa sindano ya kupevusha yai. Kuanzia hapo hesabu ilikuwa ya saa: thelathini na sita. Jumamosi saa mbili asubuhi walitakiwa kuwa kliniki, wote wawili, kwa sababu mume asipokuwepo kutia sahihi hakuna linalofanyika, na mwezi unakwenda.

Ijumaa mchana simu ya Fundi ililia. Mikono yake ilikuwa na gundi hadi viwikoni, akanionyesha kwa kidevu niibonyeze na kuiacha isikike. Mkewe alikuwa amelala chumbani.

"Fundi! Mwenye kochi bovu!" Ilikuwa sauti nene ya mwenzake wa karakana.

"Sema."

"Ilikuwa iwe siri, basi usimwambie shemeji kama nimekwambia. Aliniachia ufunguo. Alisema kinyozi hajinyoi, kwa hiyo nilivalishe kochi lenu upya kabla hamjarudi, iwe zawadi yako. Sasa leo nimefungua kiti cha kati."

Fundi aliweka mkasi chini.

"Kuna bahasha humu, Fundi. Ya hospitali. Imeshonewa kwenye sponji, tena kwa mshono wako ule wa msalaba. Mimi sijaisoma." Sauti ilisita. "Nimesoma tarehe tu. Na mstari mmoja."

"Mstari gani?"

"Ule wa chini."

 Gundi ilikuwa ikikauka kwenye vidole vya Fundi, naye hakuipangusa.

"Niichome?" mwenzake aliuliza. "Sema neno moja tu. Hakuna atakayejua. Mimi mwenyewe nimekwisha sahau."

Nilikuwa namtazama. Niliona jinsi jibu la ndiyo lilivyofika hadi kooni.

"Iweke," alisema. "Usiichome. Na kazi hiyo iache hapo ilipofika."

Nilikata simu kwa niaba yake. Akachukua nyundo, akapigilia msumari mmoja, wa pili, kisha akaanza kusema akilielekea kochi.

Miaka sita nyuma alikuwa amepeleka viti vya kungojea kwenye hospitali moja, mbali kidogo na kwao. Mtu wa maabara, mteja wake wa zamani, akamtania: jamaa umeoa miaka mitano, hujioni? Njoo nikupime. Alipima akidhani ni mzaha, na wiki iliyofuata akapewa karatasi. Hakuna mbegu. Kipimo kirudiwe, waliandika, lakini chini yake daktari alikuwa ameongeza mstari kwamba kwa jinsi ilivyo, matokeo hayatabadilika.

"Nilifika nyumbani nikamkuta mama yangu amekaa kwenye kochi, kiti cha kati. Anamwambia mke wangu, kochi hili ni la watu watatu, mbona miaka yote linakaliwa na wawili. Bahasha ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema, mama, karibu chai."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Ningeichoma, ningekuwa nimekwisha amua kudanganya. Nikaishona. Niliona kama nimeahirisha tu." Akang'oa msumari uliopinda. "Nilitaka iwepo. Nilijiambia nitaitoa mwezi ujao. Mwandishi, kila akikaa pale nilisikia karatasi. Haikulia, sponji ni nene, najua kazi yangu. Lakini niliisikia."

Miaka minne ikapita hivyo. Mkewe alikunywa dawa za kila rangi. Alipimwa mirija kwa dawa inayosukumwa ndani, kipimo kinachouma, na kilipoonyesha mirija iko wazi wakasema pengine kimekosea, akapimwa tena. "Mara ile ya pili nilikuwa nimemshika mkono," Fundi alisema. "Alinibana hadi kucha zikaingia. Aliniomba radhi kwa kunikwaruza. Mimi! Na karatasi iko kwenye kochi."

Hatimaye alisikia habari za kliniki hii, akamleta mkewe, akapimwa "kwa mara ya kwanza", na akashangaa mbele ya daktari. Mkewe alimfuta machozi. Alimwambia, Fundi wangu, hukujua, hakuna aliyejua, tutafanya pamoja. Mshauri wao, mwanamke mcheshi, siku ya kwanza aliwaambia mficha uchi hazai, wote wakacheka. "Mimi nilicheka kuliko wote," Fundi alisema.

Kisha akanieleza kuhusu fomu. Kila safari, kabla ya mbegu, nesi huwasomea karatasi kwa sauti, na mstari wa tatu unasema: sisi wawili tumeelezana kwa ukweli yote tunayoyajua kuhusu afya zetu. Alikuwa ameutia sahihi mara nne.

"Kesho ni ya tano. Niambie wewe. Umeona watu wengi."

Nilimwambia angoje. Nilisema mwanamke ana sindano mwilini, ana yai linalongojwa kwa saa, si siku ya kumtikisa. Ipite kwanza kesho, zipite na siku kumi na nne za kungoja kipimo, halafu amwambie. Nilisema kwa utulivu, kama mtu mwenye busara. Nilikuwa mtu mwenye basi la kupanda.

Fundi aliitikia kwa kichwa polepole. "Hivyo ndivyo nilivyojiambia safari ya kwanza. Na ya pili. Matibabu haya yana siku nyingi za kungoja, ndugu yangu. Mwoga hakosi hata moja ya kumfaa."

Jumamosi asubuhi niliwaona kutoka dirishani wakivuka barabara, mkewe ameshika begi dogo, Fundi ameweka kiganja karibu na mgongo wake bila kumgusa. Yaliyotokea ndani alinisimulia Fundi mwenyewe mchana ule.

Nesi aliingia na kichupa cha mbegu zilizokwisha yeyushwa, wote watatu wakalinganisha namba yake na ya kwenye fomu, kama kawaida. Akaanza kusoma. Alipofika mstari wa tatu Fundi aliweka kalamu chini.

"Nesi, tupe dakika tano."

"Zimekwisha yeyuka, Fundi. Nina nusu saa tu."

"Dakika tano."

Alimtoa mkewe hadi kwenye ukumbi, karibu na dumu la maji ya kunywa, akamwambia. Aliniambia alisema vilevile alivyoniambia mimi, ila safari hii hakuwa na nyundo ya kushika.

Mkewe hakupiga kelele. Aliuliza, "Tarehe gani?"

"Mwezi wa tano. Mwaka ule."

"Kabla ya kupimwa mirija mara ya pili, au baada?"

"Kabla."

Alifungua begi akatoa leso, akaitazama, akairudisha. Mtu alikuja kuchota maji, wakampisha. Kisha akasema, "Twende. Nusu saa haijaisha."

Ndani alimwomba nesi arudie kusoma mstari wa tatu. Nesi akarudia. "Sasa ndiyo kweli," alisema, akatia sahihi, akampa mumewe kalamu, akapanda kitandani na kugeuzia uso ukutani. Safari nne zilizopita alikuwa amemshika mkono. Safari hii mikono yake aliilaza juu ya tumbo.

 Shangazi alimpa mwanamke chumba cha chini, na mizigo ya Fundi akaipandisha mwenyewe hadi chumba kilichopakana na changu. Kupitia ukuta nilimsikia akikaa kitandani, akiinuka, akikaa tena.

Jumapili Shangazi alinituma nipeleke chai chini. Mwanamke alikuwa ameegemea mto, nywele amezifunga, macho makavu.

"Mwandishi. Ulijua?"

"Tangu Ijumaa."

"Ukamwambia nini?"

Ningeweza kumwambia chochote. "Nilimwambia angoje."

Alikipokea kikombe. "Mavyaa alinipangia. Madaktari wakanipangia. Mume akanipangia. Sasa na mpita njia. Kila mtu anajua ni lini inafaa mimi nijue." Akapuliza chai. "Wifi yangu alipojifungua nilinyoosha mikono nimpokee mtoto. Akasema, mwache, mikono yake haijazoea. Sebule imejaa watu. Huyu mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, kwenye kochi. Alitazama zulia. Nilidhani ananionea huruma."

 Nilisema samahani, akasema, "Nimesikia," na hilo halikuwa sawa na kusamehewa.

Fundi alifanya kazi Jumapili yote bila kula. Alibadilisha mikanda, akafunga springi mpya kwa kamba, akaweka sponji, akavuta kitambaa cha rangi ya udongo hadi kikawa kimenyooka kama ngozi ya ngoma. Jumatatu asubuhi ilikuwa imebaki pembe ya mkono mmoja tu, iko wazi, sponji inaonekana. Alikuwa ametia uzi kwenye sindano iliyopinda mkewe alipotoka chumbani na kusimama katikati ya sebule. Shangazi na mimi tulitaka kuondoka.

"Kaeni," alisema. "Siri zimetosha." Akamgeukia mumewe. "Nenda nyumbani leo."

"Nikuache peke yako?"

"Shangazi yupo. Mimi nitakaa hapa hadi siku ya kipimo."

"Siku kumi na mbili!"

"Wewe uliweza miaka sita."

Fundi alikaa sakafuni alipokuwa. Mkewe hakupaza sauti.

"Ukamwambie mama yako. Si kwa simu. Na dada yako awepo."

"Niwaambie na haya ya huku? Ya mbegu?"

"Haya ni yetu sisi wawili, hayawahusu. Waambie moja tu: kwamba ni wewe, na kwamba ulijua. Vyote viwili. Usije ukasema cha kwanza ukakimeza cha pili."

"Mama hataniamini. Atasema umenilisha kitu."

"Karatasi ipo. Uliitunza vizuri."

Ndani ya maneno hayo sikusikia kejeli, na nadhani hilo ndilo lililomwinamisha Fundi kichwa. Alichomeka sindano kwenye sponji, akaanza kukusanya vyombo vyake: nyundo, koleo, mkasi mkubwa, misumari kwenye kopo. Ilimchukua muda. Mara mbili aliiweka nyundo mfukoni akaitoa.

"Na kochi la nyumbani?" aliuliza akiwa amesimama mlangoni, begi begani. "Nimwambie jamaa alimalizie? Ulilipanga liwe zawadi."

"Libaki wazi. Nikirudi nataka kuona mahali ulipoishonea."

Alimtazama. "Utarudi?"

"Nimesema nikirudi."

Alingoja kidogo, pengine aongezewe neno. Kisha akanipa mkono, ukiwa bado na gundi, akamwomba Shangazi asimruhusu mkewe kuinua ndoo, na Shangazi akasema, "Mwanangu, hata kijiko." Akatoka. Mlango wa kijani ukajifunga nyuma yake. Kupitia dirishani nilimwona akipita mbele ya duka la miwani, akasimama, akatazama kliniki ng'ambo, kisha akaifuata barabara ya kwenda kituo cha mabasi akitembea kama mtu aliyebeba kitu kizito kuliko begi lile.

"Sasa nani atamalizia hiyo pembe?" Shangazi aliuliza, akaenda jikoni.

Mwanamke alikaa kwenye kochi, katikati kabisa, pale nilipozama siku ya kwanza. Springi zilimbeba. Akainamia upande wa mkono ulio wazi, akaingiza vidole kati ya kitambaa na sponji, akavisukuma ndani hadi kiwiko, akapapasa.

"Hakuna kitu humo," nilimwambia. "Nilikuwepo alipokuwa akishona."

"Najua," alisema, na mkono hakuutoa.